Mawe manane ya Mlamawe

Najua nimepotea. Kuna mmoja kanitumia ujumbe akiuliza kama nimeolewa huko kusini nikasahau chuo, teh teh. Hapana jamani, nilikuwa field. Wiki nane za mazoezi ya kufundisha pale Masasi, na tangu nirudi hapa Mlimani nimeshinda kwenye vimbweta na insha moja ya Historia ya Elimu iliyoninyima usingizi kuliko mtihani wowote wa Hesabu.

Insha yenyewe nimeshaikabidhi, msiulize imepata ngapi. Hii ninayowaandikia ni ile nyingine, ambayo mwalimu asingeipokea, maana ndani yake yumo babu yangu, imo mita ya umeme niliyoinunua kwa hela ya kula, na umo ugomvi wa mawe ya redio uliodumu miaka hamsini.

Kwa watoto wa mjini: mawe ni betri. Zile kubwa, za tochi. Huku kwetu unasikia mtu ana tochi ya mawe matatu au redio ya mawe manne, na mtu anaelewa papo hapo ni kitu cha ukubwa gani na kitakula hela kiasi gani.

Kwa upande wa mama mimi ni wa Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Wamakonde. Ukitoka Masasi unaacha ile milima ya mawe iliyosimama peke yake kama mtu kaimwaga, unapita mikorosho, halafu gari linaanza kukwea, na ukifika juu hewa inabadilika. Pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma chini yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kumbukeni hiyo ng'ambo, nitairudia.

Kijijini kwetu babu mzaa mama anaitwa Mlamawe. Si jina lake la kuzaliwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sifa, kwamba zamani alikuwa na nguvu za kutisha. Nikiwa darasa la tano ndipo mtoto wa jirani akanifungua macho: babu yako alikula mawe ya kikundi. Yaani aliiba betri. Nilipigana naye, nikapigwa, yakaisha. Ila halikunitoka.

Sasa hiyo insha. Tuliambiwa tuchague kampeni moja ya elimu ya watu wazima enzi za Mwalimu tueleze ilivyofanya kazi. Mimi nikachukua Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wengi mmeisikia kwa juu juu. Kabla yake zilikuwapo nyingine, Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971 nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, na baada yake ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975. Lakini Mtu ni Afya ndiyo iliyovunja rekodi. Wiki 12, viongozi wa vikundi kama 75,000 waliofundishwa, na watu wapatao milioni 2 wakikaa chini ya miembe na kwenye mabanda ya shule wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, wakisoma kijitabu, wakijadili malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kisha wanaondoka pale wakachimbe vyoo. Nchi nyingi zilikuja kujifunza kwetu, na vitabu vya elimu ya watu wazima vinaitaja mpaka leo.

Nikasoma yote hayo maktaba. Nikaona vijitabu vilichapwa wapi, viongozi walifundishwaje, vipindi vilirushwa vipi. Swali langu likabaki palepale: mawe alinunua nani? Maana redio bila mawe ni sanduku. Mwanafunzi wa fizikia akisikia watu milioni 2 wanasikiliza redio vijijini mwaka 1973, kitu cha kwanza anachokiona kichwani ni rundo la betri.

Na babu yangu alikuwa mmoja wa wale viongozi wa vikundi.

Ngoja kwanza niwarudishe nyuma kidogo, si mnajua nikianza historia sikomi. Mashine ya sauti ya kwanza ambayo nina uhakika ilifika Newala haikutumia betri hata moja. Mwaka 1906, vumbi la Maji Maji halijatua vizuri, alikuja Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, akapita Masasi, akakaa Newala, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Alirekodi nyimbo za watu wetu kwenye mitungi ya nta. Fonografu ile ilizungushwa kwa springi, unaitia ufunguo kama saa ya ukutani ya zamani. Gharama yake ilikuwa mkono wa mtu tu.

Redio ilikuja na gharama nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania, ambayo leo ni TBC Taifa. Mwanzoni redio zilikuwa za valvu, na valvu ni kama taa, lazima ipashwe moto ndipo ifanye kazi. Redio ya kawaida ya valvu nne ya kutumia betri ilitaka betri ya volti 1.4 itoe kama miliampea 250 kwa ajili ya kuchemsha tu, halafu betri ya pili ya volti 90 itoe kama miliampea 10. Betri mbili tofauti, zote ghali. Majirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipata mwaka 1949 redio ya bei nafuu waliyoiita ya sufuria, maana umbo lake lilikuwa sufuria kweli. Iliuzwa pauni 5. Betri yake peke yake shilingi 25, na ilidumu kama saa 300. Yaani betri nne tu zinafikia bei ya redio nzima. Mkulima wa wakati ule angenunua redio mara moja, kisha angeinunua tena na tena kwa njia ya betri mpaka anakufa.

Transista ndiyo iliyobadilisha mambo. Redio ya kwanza ya transista iliingia sokoni Marekani mwaka 1954, na miaka ya 1960 zikawa zimeenea huku kwetu. Hapohapo Dar es Salaam kikafunguliwa kiwanda cha Matsushita cha Wajapani kilichotengeneza redio na betri za National. Waulizeni wazazi wenu, hakuna asiyeijua National. Babu alinunua yake kwa hela ya korosho mwaka 1971: masafa ya kati na masafa mafupi, mawe manne, volti 6, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu mbele ya spika. Anayo mpaka leo. Inaongea.

Na kabla sijafika kwenye kupima kwangu, niseme jambo ambalo nimelikuta kila nyumba niliyoingia Newala na hata Masasi mjini. Watu walipima mkondo wa umeme bila mita. Bibi alinieleza utaratibu wa nyumbani kama anavyoeleza mapishi. Mawe mapya yanaingia kwenye tochi. Tochi ikianza kuwa nyekundu, mawe yanahamia kwenye redio. Redio ikianza kukoroma, yanatolewa, jiwe moja linapelekwa kwenye saa ya ukutani, na humo linakaa miezi. Alifundishwa na nani? Hakuna. Lakini tazameni: balbu ya tochi inakula miliampea 300 au zaidi, redio inakula makumi machache, saa ya ukutani ukipigia wastani haifikishi hata miliampea moja. Bibi hajawahi kusikia neno ampea, na amepanga vyombo vyake sawasawa kabisa, kutoka mlafi hadi mwenye kufunga.

Kuna na ufundi mwingine mnaoujua. Kuanika mawe juani. Kuyang'ata. Kuyatoboa matundu na kuyatilia maji ya chumvi. Kuongeza mawe mawili machovu nje ya redio kwenye kipande cha mwanzi na waya ili sita machovu yafanye kazi ya manne mazima. Hili la mwisho ni fizikia safi, unaongeza volti. La jua nalo lina ukweli wake, betri za aina ile zikipata joto kemia yake inachangamka kidogo, na zikipumzishwa zinajirudi. Kung'ata sitetei, jamani tuhurumie meno.

Haya, mita. Kifaa kimoja cha kupima vyote, ampea, volti na omu, kilibuniwa Uingereza na fundi wa posta aliyeitwa Donald Macadie, aliyekuwa amechoka kubeba vyombo vingi. Kiliingia sokoni mwaka 1923 na kikaitwa Avo kwa herufi za kwanza za vipimo hivyo vitatu, ndiyo maana mafundi redio wa zamani utawasikia wakisema avomita hata kwa mita ya kampuni nyingine. Yangu ni ile ya njano ya dijitali, ya bei ya chini kuliko zote pale dukani. Niliinunua nifundishie kidato cha tatu, maana shuleni nilipopangiwa mita zilikuwapo mbili, zote zimekufa.

Yangu nayo niliiua siku ya kwanza. Mwenzenu najiita mwana fizikia, halafu nikachukua mita iliyowekwa kwenye kupima mkondo nikaigusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri kana kwamba napima volti. Tik. Fyuzi kwisha. Darasa zima likanyamaza, kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, sasa hapo tumejifunza nini?" Nilicheka mpaka nikakaa.

Tulichojifunza ni kwamba volti unapima ukiwa pembeni, mkondo unapima ukiwa njiani. Umeme lazima upite ndani ya mita kama abiria anavyopita mlangoni kwa kondakta. Kwa hiyo lazima ukate njia mahali. Lakini huwezi kuikata redio ya babu waya, atakukata wewe. Dawa yake ni hii, na mkitaka mjaribu: chukua kipande cha boksi la chaki, ukibandike karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara upande huu na upande ule, pande zisigusane. Kichomeke katikati ya jiwe na springi. Njia imekatika. Sasa unganisha mita, waya mmoja upande huu, mwingine ule. Redio ikiwaka, mkondo wote unapita kwako.

Jumamosi moja nikapanda Newala na mita yenye fyuzi mpya. Babu alikuwa barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba. Umekuja na polisi?" Aliiona mita.

Nikamwambia nataka kupima redio yake inakula mawe kiasi gani. Akanitazama kidogo, akaenda ndani, akarudi na redio kwenye mkono mmoja na daftari kwenye mkono mwingine. Daftari la shule la zamani, limeliwa na mende pembeni. Rejista ya kikundi cha Mtu ni Afya, 1973. Akasema, "Kama unapima, pima vizuri," akaenda shambani.

Wadau, nilitetemeka. Mle ndani kulikuwa na majina ya wanakikundi 23, mahudhurio ya wiki 12, michango ya senti hamsini hamsini ya kununulia mawe, na tarehe. Redio ilikuwa ya babu, mawe yalikuwa ya kikundi. Yaliwekwa manne siku ya kipindi cha kwanza. Wiki ya tano kaandika: hatukusikia, mawe yamekwisha. Wiki ya sita hivyohivyo, pesa haijatimia. Wiki ya saba mawe manne mapya. Wiki ya kumi na moja: hatukusikia. Baada ya hapo wakaazima redio kwingine. Kwa hiyo seti mbili, mawe manane, na kila seti ilikaa siku 28 tu.

Nikapima. Mnajua spika ikipiga kelele mkondo unapanda, ikinyamaza unashuka, kwa hiyo namba kwenye mita inacheza kama ngoma ya sindimba. Binamu yangu akawa anasoma kila baada ya sekunde kumi, mimi naandika, dakika kumi kwa kila sauti, halafu tunatafuta wastani. Sauti ya kutosha watu ishirini na kitu uwanjani: miliampea 70. Sauti ya watu wawili barazani: 40. Redio imewaka lakini imenyamaza katikati ya stesheni: 14.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipokwenda nikiwa na nia ya kumsafisha babu. Nilitaka nithibitishe kwamba kipindi chenyewe ndicho kilichomaliza mawe. Jiwe kubwa la aina ile, la kawaida, tuseme lina miliampea-saa 4,500 kama ni jipya. Kama limekaa dukani kwenye joto muda mrefu tuseme 3,000. Manne yakiwa yamepangwa mfuatano, volti zinajumlishwa lakini uwezo unabaki uleule wa moja. Kikundi kilisikiliza vipindi vinne kwa kila seti. Nikawapa saa nzima kila kipindi, na taarifa ya habari juu yake, nikiwa mkarimu kupita kiasi. Saa nne mara 70 ni miliampea-saa 280.

Mia mbili na themanini, kati ya elfu tatu mpaka elfu nne na mia tano.

Nilirudia mara tatu. Nikafikiri labda redio ilisahauliwa ikiwa imewaka usiku mmoja. Saa kumi mara 14 ni 140, haitoshi. Labda redio ina ugonjwa na inakula kupita kawaida, maana vifaa vyake vimezeeka, lakini uzee ungeifanya ile zaidi leo, siyo mwaka 1973 ilipokuwa na miaka miwili. Kila mlango niliofungua ulifungia palepale. Kama mawe yalikwisha kwa siku 28, basi kuna mtu aliifungua redio ile kwa sauti ya barazani kati ya saa mbili na nusu na karibu saa nne kila siku, siku zote 28. Na redio ilikuwa inalala chumbani kwa babu.

Yaani kijiji kilisema kweli, na mjukuu kaja na mita kuthibitisha.

Nilipata wazo la kulifunga daftari na kurudi Masasi. Halafu nikaona pembeni, karibu na tarehe, maneno madogo ya penseli niliyoyadhania ni majina ya watu. Mueda. Nangade. Mocímboa. Yanaanza wiki ya kwanza na yanaendelea mpaka mwisho wa kila seti, kisha yanakatika. Yale si majina ya watu. Ni ng'ambo.

Mnakumbuka historia ya kidato cha nne: FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, siyo mbali na Masasi. Wareno walikuwa na operesheni kubwa kwenye uwanda wa Mueda mwaka 1970. Sisi darasani tunaandika hayo kama pointi. Kwa watu wa Newala ilikuwa ni ndugu zao, Wamakonde wa pande zote mbili za mto mmoja.

Babu aliporudi nilimuuliza moja kwa moja. Hakuruka. Alikaa, akavua kofia, akasema kaka yake mkubwa alivuka mwaka 1969 kwenda kupigana. Mama yao aliambiwa kaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Lindi, na ndivyo alivyoamini mpaka mwisho. Mtu pekee aliyejua ni babu. Kwa hiyo usiku watu wakilala alikuwa anachukua redio, anaenda chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, anatafuta. Vipindi vya FRELIMO vilivyorushwa kutoka Dar es Salaam, BBC, Ujerumani, hata stesheni za Wareno wenyewe.

"Kwani babu unajua Kireno?"

"Sijui. Lakini majina ya mahali hayatafsiriwi."

Akisikia Mueda anaandika Mueda. Basi.

Nikamwambia nimepata saa mbili na nusu mpaka nne kila usiku. Akauliza nimepima kwa sauti gani. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akachukua redio, akaishusha mpaka nikawa nasikia kama mbu, akaiweka sikioni. "Hivi." Nikapima tena. Miliampea 25. Nikapiga hesabu upya palepale, na namba ikapanda: kutoka saa nne kasoro kidogo mpaka saa sita, kila usiku.

"Babu, saa sita? Ulikuwa hulali?"

"Nilikuwa silali."

Hapo nisimame kidogo kama mtu wa historia, maana nyie mtaniuliza. Betri za mwaka 1973 sizipimi, zimeshaoza, nimekadiria. Redio ya leo siyo ileile ya jana hata kama ni ileile. Na binamu yangu anasoma mita kwa macho ya mtu aliyekesha kwenye mpira. Ukikosea kote kwa pamoja unaweza kupata saa tatu badala ya nne. Lakini huwezi kupata sifuri, na huwezi kupata kwamba kikundi ndicho kilichokula. Kwenye insha ya chuo niliandika sentensi moja tu, kwamba vikundi vilitegemea redio na betri za watu binafsi na mahudhurio yalifuata mawe. Watu milioni 2 wamo vitabuni. Kwenye daftari la babu, watu 23 walichimba vyoo 17 wakiwa wamesikia robo tatu tu ya walichoambiwa nchi nzima imesikia, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa anamtafuta kaka yake. Na mimi naona yote mawili ni kweli, ingawa la pili halina mahali pa kuliweka kwenye kurasa sita.

Kaka mtu alipona. Mkataba wa Lusaka ulisainiwa Septemba 1974, uhuru wa Msumbiji ukaja tarehe 25 Juni 1975, na yeye akaoa akabaki hukohuko Mueda. Alikuja kusalimia mara moja tu nikiwa sijazaliwa. Babu hakumwambia habari ya mawe. Kikundi nacho hakikuambiwa, maana mama yao alikuwa hai, kisha alipofariki jina lilikuwa limeshazoeleka na watoto wanaliimba.

Nikamwambia babu sasa naweza kuliandika, watu wajue. Nilidhani atafurahi. Akaniambia, "Niandikie nini? Mawe yalikuwa ya kikundi." Kisha, "Wewe si unajua hesabu. Kikundi kilikula mangapi?"

Nikapiga. Katika manane, vipindi vyote viliyotumia havifikishi jiwe moja.

"Basi nadaiwa saba."

"Saba na kitu, babu."

"Nunua manane."

Alinipa hela kutoka kwenye ile ya korosho. Maduka mawili pale kijijini hayakuwa nayo, siku hizi watu wana taa za sola, simu, na nguzo za umeme zimefika. Nilipata kwenye duka la vifaa mjini Newala, yamekaa juu ya rafu yana vumbi, muuzaji akaniuliza ni ya nini. Jumapili nikayapeleka kwa mweka hazina wa kikundi, ndiye mwanakikundi pekee wa zamani niliyemkuta kijijini mbali na babu, bibi mmoja aliyekonda na mwenye sauti kali, ambaye nimekuja kujua ndiye aliyempa babu jina lile. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia nimetumwa.

Akayahesabu moja moja mpaka nane. Akaliweka moja kwenye kiganja, akalipima uzito.

"Ya kwetu yalikuwa mazito," akasema. Halafu akaniuliza, "Hakuja mwenyewe?"

Nikasema miguu inamsumbua. Akasema hata yeye. Hana tochi ya mawe wala redio, ana simu ya batani aliyonunuliwa na mwanae, kwa hiyo aliyafunga kwenye khanga, akayaweka juu ya kabati. Jumamosi iliyofuata nilipopanda kuaga nilimkuta barazani kwa babu, wanagombana kuhusu nani hakuchimba choo mwaka 1973.

Haya, kimbweta kinagombewa hapa na kesho asubuhi nina test ya Umeme, mniombee. Mita nimeirudisha chuo salama. Fyuzi ninazo tatu za akiba.